Pipa la Mskoti na Busaa ya Kukhu

Sisi tuliokua wakati wa redio ya betri na viatu vya Krismasi tunaijua harufu moja ambayo watoto wa leo hawaijui: harufu ya unga wa busaa, pombe yetu ya kienyeji, ukikaangwa. Kwetu Kakamega, bibi yangu, Kukhu Nafula, aliwasha moto uani asubuhi na mapema, akateleka karai pana juu ya mafiga, na sisi wajukuu tukapokezana mwiko mpaka mikono ikauma. Unga uliochacha uligeuka kahawia, ukanukia kama mkate ulioungua kidogo. Tuliiba vibonge vya moto, tukavitia mifukoni mwa kaptura za shule, tukavitafuna huku tukikimbiza mpira wa makaratasi. Mwalimu alitunusa tu, akajua nyumba inayopika.

Baadaye kimea cha wimbi kiliongezwa, busaa ikaachwa ikomae, na wazee wakakizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake. Sisi tuliruhusiwa kuonja ule utamu wa mwanzo, kabla haijakolea. Ukiuliza itaiva lini, Kukhu alikujibu: "Anayeharakisha chungu hunywa uji."

Miaka ikapita. Wakenya walipoanza kuondoka kwa makundi kwenda Saudia, nami nilipata kazi ya udereva Riyadh. Nilimwendesha mhandisi mzee wa Kiskoti, Bosi Alasta, aliyeishi katika mtaa wa wageni uliozungushiwa ukuta mrefu. Kule pombe mafi, haipo kabisa, na sheria haina mzaha. Ijumaa moja mchana, gari limeegeshwa na sina safari, akaniita stoo.

"Wekesa, wewe si mtu wa kunipaka mafuta. Onja hii, uniambie ukweli."

Nikaona pipa dogo la mbao limelazwa juu ya kigoda, limefunikwa taulo bichi lisipate joto. Akafungua kibomba. Bia ikashuka taratibu, bila gesi, rangi yake kama chai ya rangi iliyokolea. Nikapiga funda moja. Jamani! Ilikuja nafaka iliyokaangwa, ikaja asali kwa mbali, halafu uchungu mdogo uliobisha hodi na kuondoka kwa adabu. Machozi yakanilenga.

"Ni mbaya?" akauliza.

"Hapana, bosi. Nimemkumbuka bibi yangu."

Nikamsimulia habari za Kukhu na karai lake. Naye akanisimulia habari za baba yake, aliyekuwa akipika bia na jirani zake wachache katika kijiji chenye baridi huko Uskoti, mpaka kiwanda chao kidogo kikafungwa. Shayiri ya pipa lile Alasta aliiotesha mwenyewe kwenye trei, akaikausha kwenye oveni, akangoja bila pupa. Nilimvulia kofia. Mtu mzima, mwenye cheo chake, alikuwa bado anamtii baba yake aliyekwisha kufa.

Wiki haikuisha. Mlinzi wa getini, Mkenya mwenzangu Mutua, akanivuta kando. "Kesho kuna ukaguzi, nyumba kwa nyumba. Mwambie mzee wako."

Nilikimbia kumwambia. Alasta akatabasamu, akasema atalificha pipa nyuma ya masanduku; wakilipata, yeye watamrudisha kwao tu. Nikajikaza.

"Wewe utapanda ndege, bosi. Mimi kafili aliyenidhamini atanikana, nitafungwa, ikama yangu ya kukaa nchini itafutwa, na watoto wangu wataacha shule. Wakiliona hilo pipa, mimi halas, nimekwisha."

Alilibeba pipa hadi bafuni, akagonga kizibo kwa nyundo, akaliinamisha juu ya tundu la maji. Bia yote ikaenda. Nyumba nzima ikanukia mkate, naye akabaki ameshika mbao tupu kama mtu aliye matangani.

"Baba angefanya hivi hivi," akasema.

Kesho yake wakaguzi walikuja kweli. Wakatazama nyaya za umeme tu, wakashukuru, wakaenda zao. Nilitamani ardhi inimeze! Alasta alicheka mpaka akakohoa. Hakunilaumu hata siku moja, na kwa muda wote niliomfanyia kazi hakupika tena.

Alipohamishiwa Jeddah alinichukua. Jioni tuliketi kando ya bahari na makopo ya kinywaji cha shayiri kisicho na kilevi, kitamu kama dawa ya kikohozi, tukawazungumza wazee wetu kana kwamba waliwahi kujuana.

Sasa nimerudi nyumbani. Kukhu tulishamzika, na Alasta alistaafu, akaenda kwao. Juzi tulikuwa na harusi hapa. Vijana walikaa kila mmoja na chupa yake na simu yake, utadhani wako kwenye mtihani. Nikamuuliza mpwa wangu bia anayokunywa ina ladha gani. Akaigeuza chupa, akasoma karatasi yake, akafikiri.

"Iko baridi, anko," akasema.

Zamani swali kama hilo lingewakalisha wazee mpaka jua lizame, na wangeachana bila kukubaliana.