Ndugu Kumi na Wanne wa Radjabu

Radjabu Ndikumana alikuwa na mashine ya kuandika, mwavuli mmoja na hasira za polepole. Miaka kumi na minane alikaa kwenye kibaraza chake karibu na soko la Rumonge, akiwaandikia watu barua na maombi. Ukirudia jambo mara mbili, yeye aliliandika mara moja tu. Mimi nilikuwa nakaanga mandazi na ndagala, dagaa wa ziwani, mlango wa pili, kwa hiyo mambo yake yote yalinifikia pamoja na moshi wangu.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumwandikia: mdogo wake, Hakimu. Mwaka wa tisini na sita waligombania baiskeli ya marehemu baba yao. Wiki ileile risasi zikashuka kutoka milimani, watu wakajitupa mitumbwini kwenda Tanzania, na Hakimu akaenda nao bila kuaga. Miaka saba ikapita. Baiskeli ilikuwa imetundikwa ukutani. Radjabu hakuipanda wala hakuiuza, ila kila Ijumaa aliifuta vumbi. Ukimwuliza habari za mdogo wake anajibu, "Anajua ninapokaa."

Ndipo shirika moja la wazungu likatuletea sahani ya antena, jenereta na ordinateri mbili, yaani kompyuta. Waliziweka kwa Radjabu kwa kuwa paa lake halivuji. Pamoja nazo alikuja fundi wao, Exaucé, Mkongomani wa Uvira. Kazi yake ilikuwa kutengeneza site ya Rumonge kwenye intaneti, ili waliokimbilia kambini wajue nani bado yuko. Jumatatu moja ikaja amri: barabara si salama tena kwa risasi, Jumamosi asubuhi kila kitu kirudi Bujumbura na magari ya askari.

"Na site imefika wapi?" nikamwuliza Exaucé.

"Iko na jina," akasema. "Nilipewa miezi mitatu, Mama Elda. Miwili na nusu nimetafuta mafuta ya jenereta."

Basi siku tano. Redio itangaze anwani hadi ng'ambo ya ziwa, Exaucé ajenge, Radjabu aandike watu. Radjabu akavaa shati la mikono mirefu, akatangaza kwamba atapokea majina ya kwenye karangamuntu tu, kitambulisho cha serikali, maana hiki si kitabu cha masengenyo. Wanawake wakapanga foleni.

"Jina?"

"Mama Nour."

"La kwenye karangamuntu."

"Hilo analijua askari wa barabarani peke yake."

Jumatano jioni majina mia tatu yalikuwa ndani. Alhamisi asubuhi, redio ikiwa tayari imetangaza anwani, Exaucé akaiweka site hewani tutazame, na Radjabu akakuna sikio kwa kalamu, jambo analofanya akiona msiba.

Fomu ya site ilitoka Ulaya tayari imeshonwa, na huko mtu hubeba jina la ukoo wake. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake: baba mmoja, mama mmoja, watoto sita, majina sita. Mashine ingejua wapi? Iliwakusanya wote wenye jina moja ikawafanya nyumba moja. Mimi na dada yangu tulionyonya ziwa moja ikatutenga. Radjabu, mtu wa safu ya kwanza msikitini, akapewa ndugu kumi na wanne, na wa kwanza wao alikuwa Modeste Ndikumana wa Kizuka, mkata mikungu ya mawese anayepika urwarwa, pombe ya ndizi, na kuionja sana.

Kabla ya saa sita Modeste alikuwa amefika.

"Amahoro, kaka."

"Mimi si kaka yako."

"Mashine imesema. Idi nitakula kwako?"

"Utakula mashine."

Nikaacha karai langu nikaingia. "Radjabu, nani kambini atatafuta Niyonzima Béatrice? Wako kumi na mmoja. Andika watu kama tunavyowaita."

"Hayo ni maneno ya sokoni."

"Waliokimbia walitoka sokoni. Hawakutoka ofisini."

Akavuta kiti. Mpaka Ijumaa mchana mimi nilisema, yeye akaandika, Exaucé akaingiza. Mama Nour wa nyuma ya msikiti, mwenye mwanya, bado anacheka kabla hujamaliza kusema. Mushagalusa wa Magara, mvuvi, yule aliyeanguka majini siku ya harusi yake. Mwanahamisi akaja kulalamika kwamba tumeandika jinsi alivyomfukuza mume wake kwa mwiko. Akasomewa, akasikiliza, akasema haukuwa mwiko, ulikuwa mchi, turekebishe.

Radjabu alipokwenda kuswali, nikamwinamia Exaucé. "Andika: Radjabu wa mashine yuko. Anamtafuta mdogo wake Hakimu. Baiskeli iko ukutani, inafutwa vumbi kila Ijumaa."

"Mama Elda, ataniua."

"Wewe unaondoka kesho."

Saa tisa tukazindua. Shefu wa karitiye, mkuu wa mtaa wetu, alitaka utepe, tukafunga uzi wa fundi cherehani kwenye ordinateri akaukata. Ukurasa ukaanza kushuka kutoka juu taratibu, kama bibi anayeteremka kwenye lori na mizigo yake. Shefu akahutubia hadi maneno yakamwishia, na ukurasa ndiyo kwanza ulikuwa kifuani. Ulipofika chini, Radjabu akasoma habari zake. Kalamu ikaenda sikioni.

"Nani ameandika hii?"

"Mashine," nikasema. "Si ndiyo iliyokupa Modeste?"

"Itolewe."

"Kesho, mzee," Exaucé akasema, macho yake kwenye jenereta. "Mafuta yamekwisha."

Jumamosi Exaucé alipata mafuta kidogo, akafungua mara ya mwisho huku magari ya askari yakipiga honi. Majibu yalikuwa tisa. La sita alilisoma kwa sauti:

"Radjabu. Alhamisi nilikutafuta humu, nikaona una ndugu kumi na wanne na mimi simo. Nililala vibaya. Jana nimesoma tena. Baiskeli ni yangu. Usiitie upepo, nitakuja na pampu yangu. Hakimu."

"Rudia," Radjabu akasema. Yeye, asiyeandika jambo mara mbili. Exaucé akarudia.

"Nijibu nini? Wanafungua antena."

"Andika: Njoo."

"Hilo tu?"

"Andika na hili: pampu zipo Rumonge."

Exaucé akabonyeza, sahani ikashushwa, magari yakaondoka na vumbi lao. Radjabu akaitungua baiskeli, akaibonyeza magurudumu, yakalala kama chapati. Akatazama huku na huku barabarani. Modeste alikuwa upande wa pili, ameegemea baiskeli yake ya kubebea mawese.

"Ndugu," Radjabu akamwita, na neno lilimtoka kwa shida kama mwiba wa samaki, "una pampu?"

"Kaka," Modeste akasema, tayari anavuka, "ya kwangu si ni yako?"