Dakika Tano za Baba Askofu

Tangu ije barua ya Askofu, kwamba rekodi yoyote ya parokia isizidi dakika tano, mpishi hajapata kuona mtu akiteswa na ukimya kama padri wake. Zamani alijirekodi kwa simu akihubiri mpaka chai ikapoa. Siku hizi hata akibariki chakula hugeuza uso dirishani kwenye mwanga, hugonga kikombe kwa kijiko kupima sauti, kisha hukumbuka ile barua, akaacha. "Kula, Baba," mpishi humwambia, "sisi tunakusikia."

Juzi Askofu mwenyewe alikuja, akataka arekodiwe salamu za Pasaka. Padri akawa mtu mwingine! Vidole vyake vilimwinua Askofu kidevu, vikamsogeza bega dirishani, vikamnyoosha msalaba kifuani. Kikombe kikalia ngo, ngo. Askofu akaanza, akanogewa, akafika kwa Musa na bahari, padri akimfuatisha kila neno kwa midomo. Musa akiwa katikati ya maji, padri akazima simu.

"Mbona umezima?" Askofu aling'aka. Mpishi akafumba macho.

Padri aliinamisha kichwa, mpole kama kondoo. "Utii, Baba Askofu. Dakika tano zimeisha."