Picha Tatu za Mama

Ruksa, ile ya kila mtu kufanya biashara atakayo, ilipofika Sumbawanga ilianza na mitumba, ikafuata na mabasi ya watu binafsi, na tulipodhani imemaliza ikatuletea mashine za kupiga picha matumbo. Kabla ya hapo aliyetaka kuonwa ndani alikuwa na eksirei moja tu, ya hospitali ya serikali, nayo ilifanya kazi siku ambazo umeme, filamu na mpiga picha vilikubaliana kuwapo pamoja. Kisha kikasimama kibao karibu na stendi: KIPIMO KIKUBWA. Msimu haukuisha, ng'ambo ya barabara kikasimama kingine: VIPIMO VYOTE VIKUBWA.

Mimi ni mtu wa soko. Nilinunua mahindi na maharage vijijini na kuyapakia kwenye malori ya Mbeya. Magunia niliyahesabu yakiingia ghalani na kuyahesabu tena yakitoka, na wabebaji wakinicheka niliwaacha wacheke huku nikihesabu. Nikiona wauzaji wawili wamekaa jirani, mmoja anasema yangu safi na mwenzake anasema yangu safi zaidi, nachukua bambo. Bambo, kwa asiyenunua nafaka, ni kile chuma chenye ncha na mfereji tunachokichomeka ubavuni mwa gunia ili punje za katikati zitoke zenyewe. Mdomoni mwa gunia kila mtu huweka mahindi mazuri.

Kwa hiyo vibao vile niliviangalia kwa mbali, nikasema watu wenye matumbo yao watajijua. Halafu mama akaanza kutembea ameinama.

Alikuwa akiishi peke yake Milanzi, na kuku wake, na biashara yake ndogo ya mchele. Zamani mchele huo aliufuata mwenyewe Muze, kule bondeni, mpaka nilipomkataza. Barabara ya kuteremka ukingo wa bonde nilikuwa naijua, na breki za malori yanayoteremka nilikuwa nazijua zaidi. Nilipomkataza alijibu, "Sawa, baba," upesi, bila hata kunipinga. Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili, jibu hilo nililihesabu mara moja.

Sasa anatembea mkono mmoja umeshika chini ya kitovu, kama mtu aliyeficha kitu kwenye kanga. Nikimuuliza, anasema ni baridi. Ufipa baridi ipo, lakini haijapata kumkunja mtu upande mmoja. Nikampeleka kwenye duka la dawa. Mwenye duka hakumgusa hata mkono. Alichana kikaratasi, akaandika, akasema nendeni Kipimo Kikubwa, semeni mmetoka kwangu. Tulipofika mlangoni nikageuka, nikamwona anampungia mkono mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara. Nikanusa udalali.

Kipimo Kikubwa kilikuwa kwenye jengo lililowahi kuwa ghala la mbolea, na ukivuta pumzi mbolea ilikuwa bado ipo. Mpimaji alikuwa kijana mwenye koti jeupe lenye mikunjo ya dukani.

"Shikamoo bibi. Unaumwa wapi?"

Mama akaiangalia mashine. "Si unayo hiyo?"

"Ninayo, bibi, ila nataka kujua nianzie wapi."

"Basi iulize."

Hapa lazima nieleze. Mama ni wa watu ambao wakienda kwa mganga hawasemi kilichowapeleka. Unaingia, unaamkia, unakaa, unanyamaza. Mganga ndiye akuambie wewe ni nani, umetoka wapi na nini kinakusumbua. Akikuuliza unaumwa nini unachukua kanga yako unaondoka, maana hapo mganga ni wewe. Mama alikuwa amewapima waganga kwa njia hiyo maisha yake yote, na wengi waliufeli mtihani wake. Mashine ya kijana yule aliipa mtihani huohuo. Nami, nisifiche, niliona ana hoja. Mtu anayesema anaona ndani ya tumbo, kwa nini aonyeshwe njia?

Basi kijana akampaka mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kidude chake, jenereta ikinguruma nje. Kwenye kioo niliona manyunyu ya usiku. "Mzee, unaona hapa?" akaniuliza. Nikasema naona. Sokoni huonyeshi kwamba hujui. Akasema hayo ni mawe, yako kwenye nyongo, na bibi inabidi apelekwe Mbeya akapasuliwe, tena mapema. Jina la daktari wa huko alikuwa nalo tayari. Hata jina la gesti ya kufikia.

Tulipofika nje mama akaniuliza, "Mwanangu, wakishanifungua, vyote vilivyomo watavirudisha?"

"Watavirudisha, mama."

"Utahesabu wewe?"

Alisema kama utani, lakini vidole vyake vilikuwa vimelishika sana koti langu. Mama hakuwa mtu wa kushika koti la mtu.

Nikamvusha barabara. Karatasi ya kwanza nikaitia mfuko wa ndani, kama ninavyofanya nikitaka bei ya duka la pili bila kuitaja ya la kwanza. Kwenye Vipimo Vyote Vikubwa dada wa mezani akauliza, "Kule wamesemaje?"

"Kule wapi?" nikamjibu.

Mashine yao ilikuwa kubwa zaidi, na ubavuni ilikuwa na nembo ya hospitali ya nchi nyingine, imekwanguliwa nusu. Nikaelewa kwamba mitumba haikuishia kwenye mashati. Mama akapanda kitandani, akanyamaza vilevile. Mpimaji wa hapo, mtu mzima mwenye miwani, akapima, akageuza, akapima tena. Nyongo safi kabisa. Ila figo ya kulia ina uvimbe, haumpendezi.

Mama alicheka kwa mara ya kwanza toka ainame. "Ramli zimepishana," alisema, na njia nzima alitembea kama mshindi, ameinama lakini mshindi.

Mimi sikucheka. Nyumbani kwangu Malangali niliziweka karatasi mbili mezani nikazisoma, kisha nikazisoma upya. Ya kwanza ilimwandikia mama umri mdogo kuliko wangu. Ya pili ilikuwa na umri wake lakini imemfanya mwanaume. Na bado mama alikuwa haamki kitandani bila kushikilia ukuta. Nikiziamini karatasi nampeleka akapasuliwe, na sijui apasuliwe nyongo au figo. Nikizitupa, na moja ni ya kweli, namzika kwa ubishi wangu. Dereva wa lori langu alikuwa ameshaniwekea nafasi mbili mbele, safari ya Mbeya kesho yake asubuhi.

Mke wangu alikuwa anachambua maharage, hakuinua hata uso. "Gunia la mtu usiyemjua unalichoma bambo mara tatu. Mama yako unamchoma mara mbili unampakia?"

Hivyo asubuhi lori likaondoka na mahindi peke yake, sisi tukaenda hospitali ya serikali. Daktari alikuwa mwanamke, mwenyeji wa Mbeya, na hilo peke yake likanitia wasiwasi: Mbeya tena. Mama akapanda kitanda cha kupimia, nami nikakaa karibu na mlango nimtazame dokta mikono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Unaumwa wapi?"

Mama akaangalia dirisha. Kwenye korido foleni ilikuwa inakohoa.

"Mama, mimi sipigi ramli. Usiponiambia, picha hatupigi."

"Wenzako walipiga bila kuambiwa."

"Wakakuambia nini?"

"Kawaulize wao."

Dokta akaweka kalamu chini. Nilidhani atatufukuza. "Haya mama, tufanye biashara. Wewe unatoa neno moja, mimi natoa neno moja."

Uso wa mama ukabadilika. Huo uso niliujua; ndio aliouvaa sokoni mnunuzi akisema punguza kidogo. "Anza wewe."

"Tumbo lako haliumi."

Mama akanigeukia kama mtu niliyevujisha bei yake. Nikainua mikono: sijasema kitu.

"Umejuaje?"

"Hilo ni neno la pili. Zamu yako."

Mama akafikiri sana. "Ni chini yake. Hapa, mguu unapoanzia."

"Ulipopanda kitanda uliuinua mguu kwa mkono. Mtu wa tumbo hauinui mguu kwa mkono. Ulianguka wapi?"

Mama akaninyooshea kidole. "Huyu atoke kwanza."

Nikatoka, kwa maana ya kwamba pazia lilinifunika. Mfanyabiashara hatoki zaidi ya hapo.

"Muze," nikamsikia mama, kwa sauti ya chini. "Nilifuata mchele. Ng'ombe wa wale wafugaji wahamiaji walikuwa wanatoka kunywa maji, mmoja akanisogeza."

"Akakusogeza?"

"Akanisogeza nikakaa chini."

"Ulikaa taratibu, mama?"

"Hapana."

Nyuma ya pazia nikajifunza maana ya "sawa, baba." Nikajifunza pia kwa nini vibao viwili vilikuwa vimeona vitu viwili tofauti. Mashine zao zilikuwa za tumbo. Ukiwapelekea mtu mwenye mguu, watampiga picha tumbo, na wakishaangalia tumbo la mtu mzima kwa muda huo wote hawawezi kukosa la kusema. Hata mimi mteja akikaa sana dukani lazima nimuuzie kitu.

Siku ile umeme, filamu na mpiga picha vilikubaliana. Dokta akaibandika filamu dirishani, akatuonyesha ufa mwembamba kwenye mfupa wa mbele wa nyonga. Hakuna kisu, alisema. Apumzike, atembelee fimbo, asibebe kitu, mfupa utajiunga wenyewe. Nikamuuliza mawe je, na figo je. "Figo tutaiangalia upya akishapona. Mawe huenda yapo, wengi wanayo. Lakini siyo yaliyomwinamisha."

Jibu zuri. Zuri mno, nikafikiri. Na filamu hii nayo nitajuaje ni ya mama? Jina liliandikwa pembeni, lakini hata gunia unaliandika jina unalotaka. Nikasogea dirishani. Nikahesabu mifupa ya kulia, nikahesabu ya kushoto, ingawa sikujua inapaswa kuwa mingapi. Ndipo nikaona, juu kidogo ya nyonga, kitu cheupe kilichonyooka, kina tundu upande mmoja na meno upande wa pili. Jino la mwisho limekatika nusu.

Jino lile nililijua. Ulikuwa ufunguo wa sanduku la mama, ambamo utoto wangu wote sukari ilikaa nami nikakaa nje.

Dokta naye alikuwa ameuona. "Mama, si tulikuambia uvue kila kitu?"

"Mlisema nguo. Ufunguo hamkuutaja."

Ulikuwa kwenye kamba aliyoivaa kiunoni chini ya kila kitu. Kati ya karatasi na picha zote nilizopewa mwaka ule na watu wenye mihuri, hiyo ndiyo pekee niliyoiamini. Nikampelekea dereva habari kwamba zile nafasi mbili za mbele zipewe abiria wengine.

Mama alitii fimbo kwa shingo upande. Nilipokwenda Milanzi baada ya mavuno kuisha, nilimkuta amekaa juani, upande usio na upepo. Nikampa ile filamu aitunze. Aliiinua kwenye jua akaiangalia muda mrefu. Nilidhani anatafuta ufa.

"Hii nani mwingine ameiona?"

"Dokta. Mpiga picha. Mimi."

"Mkeo?"

"Nilimwonyesha."

"Basi Malangali yote inajua ufunguo wangu unakaa wapi."

Akasimama. Hakushika ukuta, hakuuinua mguu kwa mkono, na fimbo aliiacha imelala pale chini. Akaingia chumbani, akafunga mlango, nikasikia sanduku linaburutwa, kisha kimya, kisha kitu kingine kinaburutwa ambacho sikukijua. Alipotoka alikuwa anajifuta mikono.

Nikamwambia, mama, nakuomba, Muze basi.

"Sawa, baba," akajibu, upesi vilevile.