Tukupi ya Zulmira

Kandokando ya mto Guamá hakuna aliyempita Zulmira kwa tukupi, ule mchuzi wa manjano unaokamuliwa kwenye muhogo mchungu. Mbichi ni sumu. Ukichemshwa sana ni utamu mtupu. Naye alijisifu bila haya. Mimi, nesi wa zahanati yetu, nilimpenda na maringo yake hayohayo.

Siku ya ubatizo wa mjukuu wake wageni walizidi. Kabla hawajagawiwa, mdogo wake, Odaléia, alionja tukupi bakuli zima, na muda si muda akaanguka palepale jikoni akihema kama aliyekimbia. Nilimwekea oksijeni iliyoletwa mbio kutoka zahanati. Kipimo cha kidoleni kilionyesha imejaa damuni, mashavu yamemwiva, na bado alikuwa anakata roho. Niliogopa kweli.

Mwili huunguza chakula kwa kupokezana. Ndani ya kila seli elektroni hupita mkono kwa mkono, na katika kupokezana huko ndiko nguvu hupatikana. Wa mwisho kwenye mstari huikabidhi oksijeni elektroni hiyo. Sumu ya muhogo humshika mkono huyo wa mwisho. Oksijeni imefika mlangoni, hakuna wa kuipa kitu, na mstari mzima unasimama.

"Mama Zulmira, tukupi ilichemka vizuri?"

"Unaniuliza mimi? Si uniulize kama nimebatizwa."

"Basi ni moyo," mume wa Odaléia akasema.

Daktari wa mjini, niliyekuwa nimempa habari, aliita kwenye redio: "Boti inaondoka. Dawa ya sumu ya muhogo iko hospitali kuu. Nipitie huko, au nije moja kwa moja? Nikipitia nitachelewa."

Nilimtazama Zulmira. Aliwatazama wageni. Odaléia alianza kutetemeka mwili mzima.

"Mwambie apitie," Zulmira akasema kwa sauti ya chini. "Niliongeza mbichi. Watu walizidi, ningewanyima? Nikaipasha moto tu."

Dawa ilifika, nyekundu kama damu, nikaitundika. Taratibu pumzi ya Odaléia ikatulia.

Kesho yake alimshika dada yake mkono. "Nasikia umeniokoa."

"Nani kakudanganya? Nesi aliniuliza, nikamjibu uongo. Nawe ulikuwa chini, miguuni pangu."

"Najua, dada," Odaléia akasema. "Nilikuwa nasikia."