Maua Yasiyo na Kiboga

Juzi bwana shamba alikuja hapa Kasokola, akatushikisha ua la boga. Akasema maboga, matango na mung'unye ni ukoo mmoja: kuna maua dume, na maua jike yenye kiboga nyuma, na nyuki asipobeba unga wa dume, jike halizai. Wenzangu walicheka. Mimi nilikaa chini.

Nilikuwa mtoto. Baba alishakufa, na mdogo wake, Zakaria, ndiye akawa mkubwa shambani kwetu.

"Chumeni maua yote yasiyo na kiboga nyuma," alituambia. "Hayo mavivu, yanakula tu kama nyie."

Kila asubuhi tuliyachuma, mikono ikinuka majani mabichi, na Mama akayapika kwa karanga. Matamu kweli. Viboga vikageuka njano, vikaoza, vikadondoka vyote.

Zakaria akaita watu. "Huyu mwanamke kaloga maboga!"

Hakuna aliyebisha, hata shangazi Pelesi, aliyekula yale maua na sisi. Mchana uleule Mama akafukuzwa. Alininyooshea mkono, "Twende, mwanangu."

Nikajificha nyuma ya Zakaria, maana na mimi nilimwogopa mchawi.