Chupa ya Mwanangu Mezani kwa Wakwe

Alfajiri mimi husoma Neno nikiwa nimekaa jikoni karibu na moto, kwa sababu Kitale ina baridi na magoti yangu hayapatani nayo. Kwa miaka mingi sauti pekee iliyonifikia saa hizo ilikuwa ya ng'ombe wangu akiniita nikamkamue. Kisha kitinda mimba wangu akaanza kuinua vyuma, na sauti nyingine ikaingia nyumbani: kra-kra-kra. Ilikuwa chupa ya plastiki yenye springi ya waya ndani, akiitikisa ili unga wake uchanganyike na maji.

Unga huo ulikaa katika mkebe mkubwa mweusi kwenye rafu yangu, kati ya chumvi na majani chai. Siku ya kwanza nilimuuliza ni kitu gani.

"Ni protini, Mama. Inajenga misuli bila kuleta mafuta."

"Inatoka kwa nini?"

"Maziwa. Yale maji yanayojitenga maziwa yakiganda, yanakaushwa."

Nilimtazama nisijue kama anatania. "Baba, maji hayo mimi huwapa ndama."

"Na si unaona vile ndama zako ni wanono, Mama?"

Mimi humwita baba tangu azaliwe, kwa kuwa amebeba jina la baba yangu. Alizaliwa mdogo, na utotoni kifua kilimsumbua hata nikazoea kulala nikiwa nimemwegemeza begani. Shuleni wenzake walimwita spoku, kama ule waya mwembamba wa baiskeli. Hakuwahi kulia mbele yangu kwa jina hilo, lakini siku moja nilimkuta nyuma ya ghala akijaribu kuinua gunia la mahindi ambalo hata mimi nisingeliweza. Kwa hiyo alipokuwa mtu mzima, mwalimu wa sekondari mwenye mabega yanayojaza mlango, sikuona majivuno. Nilimshukuru Mungu kwa pumzi zake, nikamchemshia mayai.

Mwaka huo aliamua kushiriki mashindano ya kutunisha misuli pale Kitale. Wiki za mwisho, alinieleza, ni za kukausha mwili ili kila msuli uonekane. Aliacha ugali, akaacha sukari, mwishowe akaacha hata chumvi. Alipima kuku wake wa kuchemsha kwenye mizani ndogo kabla ya kula, na ilipofika saa ya chupa, alikunywa chupa, hata kama tuko katikati ya maombi ya nyumbani. Mimi nimefunga mara nyingi maishani, nikaiheshimu nidhamu yake. Tatizo lilikuja kwa jambo zuri.

Alikuwa amempenda mwalimu mwenzake, binti wa wakulima wa upande wa Kibabii, karibu na Bungoma. Baba ya msichana akatuita nyumbani kwake. Alisema bado si siku ya wazee na mazungumzo makubwa. Kijana aje na mama yake tu, tuonane uso kwa uso, na baada ya hapo atasema kama mlango umefunguliwa. Siku aliyoichagua ilikuwa Jumamosi, na mashindano yalikuwa Jumamosi iliyofuata.

"Kule watu hula," nilimwambia. "Na mgeni hula zaidi."

"Nitawaeleza, Mama. Ni watu wameelimika."

"Njaa ya mwenye nyumba kukuona ukila haijui elimu, baba."

Alicheka, akanibusu kichwani, akaazima gari la rafiki yake. Tulisimama Kimilili kununua mkate na sukari. Hapo, ndani ya gari, alifungua kibakuli chake akala kuku wake asiye na chumvi. Aliniambia amekula ili asisumbuliwe na harufu ya chakula. Mimi nikashikilia mtungi wa maziwa ya mgando niliowabebea wenyeji wetu, usimwagike.

Tulipokelewa vizuri mno. Baba ya msichana ni mrefu, msemaji wa pole pole, na pale nyumbani anaogopwa kidogo. Dada yake, shangazi wa msichana, ambaye kule humwita senge, hamwogopi hata kidogo. Yeye ndiye aliyesimamia jikoni, na alikuja kutunawisha mikono mwenyewe. Tukaomba, na meza ikajaa: ugali wa wimbi mweusi unaotoa moshi, kuku wa kienyeji katika mchuzi wake, mboga ya majani iliyolazwa kwa maziwa.

Katika nyumba hizo firigisi ya kuku ni ya mwenye mji. Hailiwi na mtu mwingine. Baba ya msichana aliichukua kwa vidole vyake, akaiweka kwenye sahani ya mwanangu.

"Leo si yangu," alisema. "Ni ya huyu mwenye mabega."

Wote walimtazama mwanangu. Naye, kwa adabu kabisa, akauliza, "Asante sana, mzee. Samahani, imewekwa chumvi?"

"Sasa itapikwaje bila chumvi?" senge akauliza.

"Basi mtaniwia radhi. Wiki hii siwezi kula. Nimebeba yangu." Akainama, akatoa chupa kwenye mkoba, akaitikisa. Kra-kra-kra.

Sijawahi kusikia sauti ikijaza nyumba namna ile. Baba ya msichana alikuwa ameshakata tonge. Akalirudisha kwenye sahani. Mwanangu akaanza kueleza habari za misuli na mafuta na kukausha mwili, na kadiri alivyoeleza ndivyo nyuso zilivyozidi kukunjamana. Yeye aliona anazungumza habari za mashindano. Wao walimwona mtu aliyekuja kuomba binti yao akiwa na kinywaji chake mwenyewe chini ya meza, kama mtu anayehofia kuwekewa kitu.

Senge hakuzunguka. "Kijana, si useme tu. Chakula chetu kina nini?"

"Hakina kitu, Senge, ni vile—"

"Mimi nimeamka na jogoo huyo, nikamchinja huyo jogoo. Ati hana nini? Ati tunaroga watu hapa?"

Msichana aliyekuwa amesimama na sinia aligeuka, akaenda jikoni, na mgongo wake ulinieleza yaliyokuwa usoni. Baba yake akanawa mikono. Nilijua akishaifuta na kuinuka, mlango ule umefungwa, na mwanangu atarudi Kitale na misuli yake bila mke.

Niliomba kwa kimya maombi mafupi kuliko yote niliyowahi kuomba. Kisha nikanyoosha mkono.

"Baba, lete hiyo chupa."

Nikainywa mbele yao, mara mbili, nikapangusa mdomo kwa leso. Nikamkabidhi senge. "Onja, mama. Aliyeileta ameionja kwanza."

Akaipokea. Pale kwao pia, aletaye kinywaji hukionja mbele ya watu. Akanywa, akakunja uso wote.

"Hii inanukia kama keki na inateremka kama chaki! Na hii ndiyo imeleta hayo mabega?"

"Ni maji ya maziwa, yale yanayobaki maziwa yakiganda," nikasema. "Nyumbani mimi huwapa ndama."

"Kumbe!" Akapiga meza. "Kumbe mmetuletea ndama! Kaka, onja maziwa ya mkwe wako!"

Baba ya msichana alionja kidogo sana, kama mtu anayepima dawa ya ng'ombe, akasema taratibu, "Mungu aliumba kuku kwa sababu." Kicheko kikatoka jikoni pia. Lakini senge alipomaliza kucheka alirudisha chupa mbele ya mwanangu, akaisogeza firigisi karibu nayo.

"Chako tumeonja. Chetu je?"

Hapo sikuweza kumsaidia. Msichana alikuwa amerudi mlangoni. Akasema kwa sauti ya chini, akimtazama yeye peke yake, "Usile kwa sababu ya aibu. Ukila, iwe unataka kuwa wa hapa."

Nilimwona mwanangu akiitazama ile sahani, na mimi najua alichoona juu yake: asubuhi zote za baridi, gunia la nyuma ya ghala, jina la spoku. Akafunga kifuniko cha chupa, akaiweka sakafuni, akanyoosha mikono inawishwe tena.

"Senge, nikatie ugali."

"Mdogo ama wa mwanamume?"

"Wa ndama, Senge."

Alimkatia kipande kama tofali. Mwanangu alianza na firigisi, akaitafuna akiwa amefumba macho kama mtoto, na alipomaliza tofali la kwanza akaomba la pili. Baba ya msichana naye akarudi kwenye tonge lake. Jioni, akitusindikiza hadi garini, aliniambia, "Mama, leteni wazee wenu."

Jumamosi iliyofuata mwanangu alisimama jukwaani Kitale, amepakwa mafuta, amevaa kipande cha nguo ambacho mama hapaswi kukizungumzia. Mimi nilitazama juu ya kichwa chake. Mwamuzi alisema hakukauka vya kutosha tumboni, na hakupewa nafasi yoyote. Lakini senge alikuwa amepanda kuja kutoka Bungoma, na alisimama mstari wa mbele akipaza sauti kuliko spika: "Huyo ni wetu! Hilo tumbo tumeliweka sisi!" Ukumbi wote ukacheka, na mwanangu jukwaani akacheka kuliko wote, misuli yake ikitingishika.

Siku hizi nikisoma Neno jikoni nasikia chupa mbili zikitikiswa, yake na ya mkewe. Mkebe wa kwanza ulipokwisha, senge aliuomba, akisema una kifuniko kizuri. Kwao na kwetu chombo hakirudishwi kitupu. Ulirudi umejaa unga wa wimbi. Nikauosha, nikaujaza maharagwe, nikaupeleka. Wiki iliyopita umerudi tena, una karanga. Nimeuweka pale pale, kati ya chumvi na majani chai, na kila mwanangu anapopita huchota karanga, bila kuzipima.