Shika Kiuno, Ukohoe

Daktari wa upasuaji hamgusi mtu kabla hajasugua viganja vikapata joto. Kisha husema yaleyale: "Shika kiuno, mama, ukohoe." Fundi cherehani, mgonjwa wake wa siku hiyo, akakohoa. Titi lake la kulia liliondolewa mwaka juzi, na msuli wa mgongoni ndio ungetumika kumjengea jingine. Vidole vya daktari vikasubiri msuli ushtuke. "Tena." Msuli haukushtuka; ulikuwa umesinyaa, umebaki utepe. Fundi aliujua uso ule wa daktari, uso wa mtu aliyeishiwa kitambaa katikati ya kazi. Daktari akasugua viganja upya, akashuka tumboni, akafinya, akafinya tena, akatabasamu. "Hapa nyama ya kujengea titi ipo ya kutosha, na nyingine itabaki." Fundi akaangua kicheko. "Miaka yote nalificha tumbo hili kwa marinda, kumbe nilikuwa najiwekea akiba!"